Binti yangu wa miaka 6 amegoma kusali tangu babu yake afariki

Shikamoo mama.

Mimi ni mama wa watoto 3, naishi Morogoro. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, anapita Tunduma kwenda Zambia na Congo, na huweza kumaliza wiki 3 hajarudi. Sisi ni Walutheri. Wakwe zangu walikuja kuishi nasi baba mkwe alipoanza kuugua, na baada ya mazishi mama mkwe alirudi nasi huku.

Kila siku saa 2 usiku, baada ya chakula, tuna ibada ya familia. Mama mkwe ndiye anayeongoza. Tunaimba, linasomwa neno, kisha anaomba, naye huombea ukoo wote kwa majina. Siku nyingine inafika saa nzima. Kitinda mimba wangu ana miaka 3, huyo usingizi unambeba mkekani kabla somo halijaisha. Wa kwanza ana miaka 9, anavumilia. Huyu wa kati wa miaka 6 ndiye aliyekuwa anaipenda ibada, anaimba mpaka majirani wanasikia.

Mwezi wa 6 baba mkwe alipata kiharusi. Shangazi yao mmoja alikuja kumjulia hali, akamwita binti yangu pembeni akamwambia Mungu husikia sana maombi ya watoto kwa sababu hawana dhambi, hivyo yeye ndiye amwombee babu apone. Mtoto aliichukua kama kazi aliyotumwa. Aliomba asubuhi kabla ya uji, aliomba kwenye daladala, aliomba usiku akifumba macho mpaka uso wote unakunjamana. Mwezi wa 8 babu yake akafariki. Tulimsafirisha Moshi tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo. Pale msibani kila aliyempakata alimwambia asilie, babu amelala tu. Wengine wakamwambia Mungu amempenda zaidi.

Tangu turudi, hasali. Tukiinamisha vichwa yeye anakodoa macho. Nilimwuliza, akanijibu, "Mimi siombi. Mungu hasikii." Kwenye shule ya Jumapili mwalimu alikuwa anafundisha habari ya Yesu kumfufua binti Yairo, binti yangu akasimama akauliza mbele ya wenzake, "Mbona huyo alimwamsha na babu hakumwamsha?" Mwalimu akamwambia aketi, asimjaribu Mungu. Usiku nako hataki kulala, anataka taa iwake mpaka asubuhi.

Mama mkwe anasema mtoto ameingiwa na roho ya ukaidi, na anataka tumpeleke kwenye mkesha wa maombezi mahali fulani nje ya usharika wetu. Wiki iliyopita mtoto alikataa kupiga magoti, nami nikampiga kofi. Hakulia. Alinitazama tu.

Mama, na hili sijamwambia mtu yeyote: jioni nikifumba macho, mimi mwenyewe sina cha kusema.

Nimlazimishe? Nimpeleke kwenye huo mkesha? Nimjibu nini? Na hawa wengine wawili nitawafundishaje imani wakati naona kwa huyu mmoja nimeshindwa?

Mama wa watatu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole. Poleni kwa msiba, na pole kwa nyumba kuwa juu yako peke yako huku baba watoto yuko njiani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale unaposema hakulia, alikutazama tu. Huyo mtoto hana roho ya ukaidi. Ana msiba, na juu ya msiba ana mzigo, kwa sababu mtu mzima alimkabidhi uhai wa babu yake. Naamini shangazi alikuwa na nia njema. Lakini ukimwambia mtoto wa miaka 6 kwamba Mungu humsikia yeye kuliko wengine, kisha babu akafa, umemwachia njia mbili tu za kufikiri: ama Mungu hakusikiliza, ama yeye hakuomba vizuri. Hilo la kwanza analisema waziwazi. La pili ndilo linalonitia hofu, maana huenda hajalisema kwa mtu. Watoto wa umri huu huamini kwamba mawazo yao yanaweza kusababisha mambo. Mtoto akimkasirikia mdogo wake asubuhi, na mdogo akaugua mchana, hujiona yeye ndiye aliyemwuguza. Mkiwa wawili tu, mwulize taratibu, "Unadhani babu alikufa kwa sababu ya kitu ulichofanya wewe?" Usishangae akikutajia siku aliyosahau kuomba. Akikutajia, mwambie bila kuzungukazunguka kwamba babu alikufa kwa ugonjwa uliomshika kichwani, kwamba hakuna sala yake iliyopungua, na kwamba ile kazi hakupaswa kupewa yeye.

Haya sikuyasoma mahali, yalinikuta. Miaka mingi iliyopita nilizika mtoto wangu wa miezi 4. Kaka yake alikuwa na miaka 5. Waliokuja kutufariji walimpakata, wakamwambia lile neno ambalo sote tumelisema misibani, kwamba Mungu amempenda zaidi mdogo wake. Nami nilikuwa pale, nikaitikia. Wiki chache baadaye akawa anajificha chini ya kitanda kila tunapokusanyika kusali. Nilimvuta mguu, nikamfokea. Siku moja nikamwuliza kwa hasira anaogopa nini. Akasema, "Sitaki Mungu anipende."

Niliketi palepale sakafuni. Alikuwa ametuelewa vizuri kabisa. Tulimfundisha kwamba Mungu akikupenda sana, unakufa.

Ndiyo maana nakuomba uyapitie tena maneno ambayo binti yako aliambiwa msibani, uyasikie kwa sikio lake. "Babu amelala." Sisi wakubwa tukisema fulani amelala katika Bwana, tunajua tunasema nini. Yeye alimwona babu "aliyelala" akifunikwa, akawekwa kwenye sanduku, sanduku likashushwa shimoni, na watu wakatupia udongo. Kisha wewe kila usiku unamwambia, "Haya, kalale." Hiyo taa anayotaka iwake ina sababu. Mwachie iwake, na umwambie neno lenyewe: "Babu amekufa. Hakulala. Mtu aliyelala anapumua, na asubuhi anaamka anakunywa chai. Mtu akifa, mwili wake unaacha kupumua, hausikii baridi wala maumivu. Mwili wa babu tuliuzika kule Moshi. Babu mwenyewe yuko na Yesu, na Yesu ametuahidi kwamba siku moja atatufufua." Atauliza tena kesho, na kesho kutwa, maneno yaleyale. Mjibu vilevile kila anapouliza, maana mtoto hulielewa jambo la kifo kidogo kidogo.

Kabla ya hayo yote kuna lile kofi. Mwombe msamaha, na usichanganye na mahubiri. Mwambie, "Nilikupiga kwa sababu ulikuwa na huzuni nami sikuelewa. Nimekosa. Nisamehe." Wazazi wengi huona kumwomba mtoto radhi kunawashusha. Lakini kila Jumapili tunamfundisha kuungama na kusamehewa, na huenda asipate kuiona toba kwa macho yake mahali pengine isipokuwa nyumbani kwenu. Tena ukwe wako ni Uchagani. Mwombe mama mkwe amweleze mtoto habari za masale, jinsi mtu aliyekosa anavyokwenda na jani la sale mkononi kuomba radhi, na jinsi ilivyo vigumu kumkatalia aliyekuja nalo. Atakumbuka habari hiyo kuliko mafundisho mengi.

Sasa swali lake la binti Yairo. Mwanangu, hilo ni swali la Martha. Soma Yohana sura ya 11. Martha na Mariamu walimtumia Yesu habari kwamba ndugu yao Lazaro ni mgonjwa. Yesu alikaa siku 2 zaidi kulekule alikokuwa, na alipofika Lazaro alikuwa kaburini siku 4. Martha akamwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu naye akaja akasema maneno yaleyale. Yesu hakumwambia hata mmoja wao aketi asimjaribu Mungu. Alizungumza na Martha, na kwa Mariamu alilia. Binti yako amesema alichosema Martha, kwa Kiswahili cha mtoto. Msomee habari hiyo, mwonyeshe kwamba Yesu alimlilia rafiki yake, na umwambie, "Unaona, na hawa walimwuliza kama wewe."

Najua atakachokuuliza baadaye. Atasema, lakini Lazaro alifufuka. Hapo usiikimbie hoja. Mwambie ndiyo, alifufuka, na baadaye naye alikufa tena kama watu wote, na sasa yeye na babu wanangoja siku ileile. Akikuuliza mbona Yesu hakumponya babu kwanza, una ruhusa ya kumjibu, "Sijui." Sema, "Sijui mwanangu, hata mimi niliomba apone. Nikimwona Yesu nitamwuliza." Wazazi tunaogopa sana neno hilo, tunadhani tukisema hatujui imani ya mtoto itaanguka. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, na waliorudi kuniuliza ukubwani ni wale niliowajibu kwa kweli. Wale niliowapa jibu la haraka ili wanyamaze, walinyamaza kweli.

Kuna jambo jingine la kumpa, maana yeye aliomba kwa bidii akanyimwa. Gethsemane, Yesu mwenyewe aliomba kikombe kile, yaani mateso yaliyomngoja, kimwondokee. Mathayo anasema aliomba mara 3 akisema maneno yaleyale. Hakikuondoka. Mtoto akijua kwamba hata Mwana wa Mungu aliwahi kuomba kitu akakikosa, na Baba yake hakuwa amemchukia, ataacha kujiona yeye ndiye mwenye kasoro. Mwache kwanza aielewe. Usimwambie palepale, "Haya sasa, tuombe."

Usimlazimishe kusali. Ninyi salini, naye akae karibu, macho wazi akitaka. Mwambie anaweza kumwambia Mungu kwamba amemkasirikia, na kwamba hilo nalo ni sala. Zaburi ya 13 inaanza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na imo ndani ya Biblia, hakuna aliyeifuta. Huenda siku moja akasema sentensi moja. Huenda ikapita miezi. Asiposali mpaka Kwaresima bado ni mtoto wa Mungu, alibatizwa, na ubatizo wake haukuwa na sharti la kufumba macho.

Nije kwa mama mkwe. Umemtaja mara nyingi katika barua, lakini hukusema hata mara moja kwamba yeye ndiye mjane. Ameachwa na mwenzake, ameacha kihamba chake, yuko ugenini Morogoro, na mjukuu anasimama kila jioni kumkumbusha swali ambalo huenda naye analo moyoni. Ukali wake nadhani unatoka hapo. Mpe kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza. Mnapochambua mchele, mwombe amsimulie binti babu yake alikuwaje: alivyokuwa kijana, alivyobatizwa, wimbo aliokuwa akiuanzisha kanisani, siku aliyoshindwa jambo na akaomba. Paulo alipotaka kumkumbusha Timotheo imani yake ilikotoka, alimtajia bibi yake Loisi na mama yake Eunike, wanawake wawili wa nyumba moja. Ninyi ni bibi na mama chini ya paa moja. Wengi wanaoniandikia hawana bibi karibu, wana dada wa kazi na televisheni.

Ibada yake usiifute, utamwumiza. Igawe. Saa 1 jioni kabla ya chakula iwe ya watoto, dakika 10 zinatosha: wimbo mmoja wenye kupiga makofi, habari fupi ya kusimuliwa kwa mdomo, kila mmoja anataja kitu kimoja cha kushukuru, na Baba Yetu. Wakila, wanalala. Saa 2 mbaki ninyi wakubwa, aombee ukoo mpaka atosheke. Lakini wewe usimpelekee hoja hiyo, mwana wake ampelekee. Mkwe kumrekebisha mkwe si rahisi, na mtoto wa kiume akimwambia mama yake "naomba tujaribu hivi kwa ajili ya huyu mtoto," atasikilizwa.

Na mume wako asijione amesamehewa kwa sababu yuko barabarani. Malori Tunduma hukaa foleni, nafasi ya dakika 5 haikosi. Awapigie saa 1, mweke simu spika katikati ya mkeka, awabariki watoto wake kwa majina. Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, alipotoa Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha misingi ya imani, mwaka 1529 aliandika wazi kwamba ni mambo ambayo baba wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Binti yako alimpoteza babu, na baba yake naye alipoteza baba. Akisikia sauti ya baba ikikatika kidogo anapomtaja babu, atajua hayuko peke yake.

Hao wengine wawili hawajaharibika. Musa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6 aliagiza maneno ya Mungu yafundishwe kwa watoto "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Yote hayo unayafanya nao tayari. Wa miaka 3 mfundishe kushukuru kwa uji na kwa mvua, basi. Wa miaka 9 mpe yeye kusimulia ile habari ya saa 1, utaona anavyoisoma mara mbili ili asiaibike. Mkiingia kanisani waulize kitambaa cha madhabahuni leo ni rangi gani: zambarau, mnangoja, nyeupe, ni sikukuu. Hata huyu aliyegoma anaweza kujibu la rangi. Na kuna sentensi moja naomba itoke nyumbani kwenu kabisa, ile ya "Mungu anakuona, atakuchapa." Mtoto anayemwogopa hivyo hawezi kumkimbilia.

Mkesha wa maombezi, hapana. Mtoto mwenye huzuni akishikwa kichwa usiku na watu asiowajua, wakikemea kitu kilichomo ndani yake, ataamini kwamba huzuni yake ni pepo. Mwombe mchungaji au mwinjilisti wenu aje nyumbani mchana, aketi naye, amsikilize. Mwalimu wa shule ya Jumapili pia mweleze habari yote, yawezekana hakujua kama kuna msiba. Usingizi ukiendelea kumtoka kwa wiki nyingi, au akaacha kula na kucheza, mpeleke hospitali, uulizie mtu wa ushauri nasaha. Hilo halipingani na maombi.

Nawe mwanangu, uliyefumba macho ukakosa neno. Luther huyohuyo alifiwa na binti yake Magdalena mwaka 1542, akiwa na miaka 13. Alimwandikia rafiki yake kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru tu, lakini walishindwa, machozi na kuugua viliwazidi. Huyo ndiye aliyetufundisha sisi Walutheri kusali. Jioni usipokuwa na la kusema, sema Baba Yetu mpaka mwisho na uishie hapo. Kanisa limekuwekea maneno kwa ajili ya siku kama hizo. Na mtoto akikusikia ukisema, "Mungu, leo sina maneno," hutakuwa umemkosesha imani. Utakuwa umemwonyesha njia anayoweza kuipita.

Desemba mkienda Moshi, mpeleke kaburini. Aende kabla wageni hawajajaa, wewe, yeye na bibi yake. Mwache apande sale mwenyewe, achimbe kwa mikono yake. Ndugu zetu Wamoravian hukutana makaburini alfajiri ya Pasaka kuimba juu ya ufufuo. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na watoto wao hukua wakijua kwamba makaburini huimbwa pia. Nanyi mwimbieni babu ule wimbo aliokuwa akiuanzisha. Binti asipoimba, ashike chepe. Kisha uniandikie uniambie alisema nini mkiwa njiani kurudi nyumbani.